Mashuka ya Baba

Morogoro, 4 Februari 2023

Shangazi mpendwa,

Mugonile. Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi?

Mchungaji amenipigia. Anasema tangu miguu imgomee baba, analalia shuka safi kila siku, na ni wewe dada yake unayemfulia. Jumapili usharika mzima ulikusimamisha ukapigiwa makofi. Nililia, shangazi. Ndaga fijo, asante sana.

Kinachoniuma ni Kisa. Tangu kaka Amon afariki, mjane wake huyo anakaa bure nyumba ya pili ya baba, anakula pesa za kakao yake, na binamu Wilson anasema hajawahi kumwona akikanyaga kwa mzee. Najua utamtetea kwa mila, kwamba mkwe haonani na baba mkwe. Mila hiyo siku hizi ni kichaka cha kujifichia uvivu. Pasaka nakuja. Kisa arudi kwao Talatala, nyumba aingie Wilson, amtunze baba. Naomba umwandae Kisa kuondoka.

Mwanao,
Angetile

Makwale, 12 Februari 2023

Mwanangu Angetile,

Salamu zimefika. Baba yako anakula, ila ulimi umeanza kuwa mzito. Nakuandikia kwa sababu hapa ukiongea na simu, nyumba nzima ina masikio.

Umeniuliza magoti. Kwa magoti haya mtoni nitashukaje, na nitapandaje na beseni la nguo mbichi? Sijafua shuka hata moja la baba yako. Mimi nayatoa tu chumbani yakiwa yamelowa mkojo, nayaweka nyuma ya migomba. Kisa anayachukua watu hawajaamka, anafua, anaanika uani kwake, anayarudisha palepale. Baba yako anaamini ni mimi.

Siku ya makofi nilitaka kusema. Kisa alikuwa benchi la nyuma, akanitikisia kichwa. Baadaye nilimgombeza, kwa nini nile sifa ya jasho lake? Akanijibu, "Shangazi, miaka yote mzee amenikwepa njiani kwa kuniheshimu. Akijua nayaona mashuka yake, aibu itamuua kabla ya ugonjwa. Mungu anaona. Inatosha."

Nilimwahidi kunyamaza, na leo nimevunja ahadi kwa sababu unataka kumtoa. Usimshukuru. Usimwambie Wilson wala mchungaji. Ukiona huwezi, usije.

Shangazi yako,
Tusajigwe

Morogoro, 30 Juni 2023

Shangazi,

Mugonile. Tumefika salama kutoka mazikoni. Bado nikiamka nataka kumpigia baba.

Sikukwambia ya Pasaka. Nilikuwa uani Kisa akapita na beseni, nikageuka kutazama kuku kama mjinga. Wazee wa ukoo waliposema nyumba na kakao vibaki kwa mke wa Amon, na baba akakubali, ni mimi niliyewaomba. Wilson aliniuliza sababu, nikasema nimeamua tu. Hajanisemesha vizuri mpaka leo, na wapo wanaosema Kisa ameniroga.

Hayo nayavumilia. Lakini msibani, mchungaji akikusifu tena, Kisa alikuwa jikoni anapakua wali, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba mkwe huyu hata machozi hana. Moyo uliniuma sana. Baba hayupo sasa, hakuna wa kuona aibu. Niruhusu niseme ukweli kwenye ibada ya shukrani.

Mwanao,
Angetile

Makwale, 9 Julai 2023

Mwanangu,

Huku tunaendelea, mpunga umeingia ndani, nyumba ya baba yako tu ndiyo kimya. Pole yako bado ni yangu pia.

Sikutaka kukujibu kwa akili yangu, nikaenda kwa mwenyewe. Nilimkuta anapasua kakao, nikamsomea barua yako. Nilipofikia pale pa machozi aliweka panga chini, akalia. Alilia sana, nikamshika mkono, nikadhani ruhusa nimeipata.

Akajifuta uso, akasema, "Mwambie shemeji ndaga. Lakini aibu ya baba sikupewa niitangaze. Amekufa akiwa na heshima yake, mwacheni nayo."

Basi njoo kwenye ibada, soma neno lako, ukae. Wakimsema Kisa mbele yako, umeze, hata kama litakukwama. Na mimi nitakuwa pembeni yako, nameza.

Shangazi yako,
Tusajigwe