Breki Ulizikanyaga

Mjukuu wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma usiuvute kwa nguvu, bawaba imelegea.

Nimekwenda kwa wale waliotuuzia gari. Asubuhi wamepiga simu: watalitengeneza bure, ilimradi ukubali kwamba ulifanya uzembe, hukukanyaga breki. Nikamjibu aliyepiga, "Baba, gari kaa nalo."

~~Nitarudi mchana.~~ Sirudi mpaka walifute hilo neno uzembe.

Babu yako alikuwa kando yako siku breki zilipogoma. Kabla hajatutoka pale hospitali aliniambia, "Mtoto alikanyaga kwa miguu miwili, mpaka kiatu kikamvuka."

Alfajiri nimekusikia ukiiomba radhi picha yake. Acha, mama. Isalimie tu, inatosha.

Bibi yako