Bakuli la Karani

Mbooni, Makueni
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu, Mwaitu,

Natumaini mguu wako umepunguza kuuma na kwamba unalala. Baba je, amerudi na mbuzi ama bado anafuata majani? Na mdogo wangu Musyoka, siku hizi anaenda shule bila kutafutwa? Mimi mwili ni mzima. Shule inaendelea, Kiswahili nilikuwa wa nne darasani, hesabu usiniulize. Huku milimani ni baridi, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na mimi hulala na sweta. Nikiwaambia wenzangu kwamba kwetu Tseikuru watu hutoa kitanda nje kwa sababu ya joto, wanafikiri nawadanganya.

Mwaitu, nakuandikia kwa sababu ya yule paka mdogo. Shangazi alinisomea ujumbe wako, kwamba paka wa nyanya amezaa, na kwamba Musa wa mbuzi atabeba mmoja kwa kyondo, kile kikapu chake, mpaka Mwingi, halafu atafutiwa njia ya kufika huku. Shangazi amefurahi sana. Ameshatandika tambara karibu na jiko. Nakuomba usimtume kwanza. Neno hili sikuweza kulisema kwa simu. Simu ni ya Shangazi, na akikupigia anaweka sauti ya nje na kukaa hapo kando yangu. Na wewe unanijua, hata kuomba chumvi kwa jirani mimi hutuma mtu.

Nilikuambia Karani alikufa. Ni yule paka dume wa Shangazi wa rangi ya majivu. Marehemu mume wake ndiye aliyempa hilo jina, kwa vile alikuwa anakaa dirishani akiangalia watu kana kwamba wamekuja kuomba sahihi. Tangu mume wake afe, Shangazi alikuwa anaongea na huyo paka kuliko na mimi. "Karani, umekula? Karani, hebu muulize huyu msichana kama ulimi aliuacha Tseikuru." Mimi nacheka tu.

Shangazi anasema alikula panya mwenye sumu. Si panya, Mwaitu.

Shangazi ndiye huweka maua kanisani. Amepanda lili pande zote za nyumba, nyeupe, kubwa, na katikati zina vumbi la manjano ambalo likishika nguo halitoki. Jumamosi anazikata na kuzisimamisha kwa ndoo ya maji. Jumapili zinakaa mbele, karibu na mhubiri. Jumatatu anarudisha ndoo nyumbani. Maua yaliyonyauka anatupa, lakini maji hatupi. Unajua sisi wa Tseikuru. Ana tangi limejaa mpaka juu, ameishi huku miaka yote hii, na bado maji ya kufulia yanaosha sakafu, ya kuosha mchele yanaenda kwa kuku, na yale ya ndoo ya maua yalikuwa yanaingia kwa bakuli la Karani pale mlangoni. Siku moja nilimwambia yananuka kidogo. Akasema, "Mimi nilichimba maji kwa mchanga wa mto nikiwa mdogo kuliko wewe. Mkono wangu haujui kumwaga."

Karani alianza kwa kutokwa na mate. Akatapika. Halafu akapata kiu, Mwaitu, sijawahi kuona paka akinywa hivyo. Shangazi alifurahi, akasema anajisafisha tumbo. Bakuli likiisha anaongeza kutoka kwa ile ndoo. "Kunywa, baba. Kunywa utapona." Ndoo ilipobaki kidogo mimi ndiye nilikuwa nainua upande wa chini ili yatoke yote. Halafu akaacha kunywa. Akawa anakaa tu mbele ya bakuli, kichwa kimeinama, pua karibu iguse maji, na hanywi. Tulipika tukala, bado amekaa. Asubuhi tulimkuta hapo hapo.

Mwezi uliopita daktari wa mifugo alikuja shuleni kwetu, watu wakaleta mbwa wachanjwe kichaa. Nilizungukazunguka meza yake mpaka mbwa wote wakaisha.

"Na wewe, mbwa wako ako wapi?"

Nikasema sina, kulikuwa na paka. Nikamweleza nikiangalia viatu vyangu. Akaacha kufunga sanduku.

"Mwisho mwisho alikuwa anakojoa?"

"Hapana."

"Kwenu kuna lili?"

Akaona lile vumbi la manjano kwa mkono wa sweta yangu, akaligusa na kidole. "Ni hii," akasema. "Jani, ua, hili vumbi akijilamba, hata maji ambayo maua yamesimama ndani. Inamaliza figo za paka. Kidogo tu inatosha." Halafu akaniangalia akasema, "Watu wengi hawajui."

Tangu siku hiyo sijatulia. Shangazi alimzika Karani katikati ya zile lili, kwa sababu ndipo alikuwa analala mchana. Mwaka huu zimechanua kuliko mwaka jana. Na bakuli bado liko mlangoni. Kila Jumatatu Shangazi analijaza kutoka kwa ndoo, mkono umezoea, halafu anasimama akiliangalia. Nikiwa nasoma nasikia ulimi ukilamba maji. Najiambia ni mfereji. Naenda kuufunga, nakuta umefungwa. Mara nyingine namwaga yale maji nikienda shule, lakini nikirudi nakuta amejaza tena, anasema kuku wana kiu siku hizi.

Si eti sijajaribu kumwambia. Jana tulikuwa tunakata maua, yeye na kisu, mimi na ndoo. Nikasema, "Shangazi."

"Sema."

"Hii moja imevunjika."

Akacheka. "Umeniita na sauti ya mtu anayetaka kuolewa, kumbe ni ua." Akaangalia pale chini, alipolala Karani. "Yule mdogo akifika nitamleta hapa nimwonyeshe aliyemtangulia."

Nitamwambiaje, Mwaitu? Alimpa kwa mkono wake, akimwita baba. Nilifikiri afadhali abaki akiamini ni panya. Lakini huyo mdogo akiingia kwa hii nyumba atakuta bakuli limejaa linamngoja. Karani tulimuua bila kujua. Huyu wa pili nitakuwa najua.

Nisalimie Baba akirudi. Nisalimie nyanya, umwambie paka wake amefanya kazi nzuri. Musyoka asimbebe yule mdogo kwa mkia. Na yule mama wa kwaya aliyeniombea siku ya kuondoka, mwambie bado nakumbuka.

Shangazi ameona naandika, amesema nimwachie nafasi hapa chini akusalimie mwenyewe, ama wifi yake atasema amenyamaziwa. Siku zote huwa nakunja karatasi ili aone nafasi yake peke yake. Leo nitampa bila kuikunja.

Ni mimi binti yako asiyejua kusema,
Mwende

Wifi, ni mimi. Huku hatujambo. Nimesoma yote. Msichana wako ako chumbani amejifunika blanketi mpaka kichwa na jua bado liko juu, anajifanya amelala, nitamwita tunywe chai. Paka mweke kwanza, anyonye vizuri. Lili nitaanza kung'oa kesho. Ni nyingi. Zile zilizo juu ya Karani zitakuwa za mwisho, nipe muda. Bakuli nimelitoa nje nikalimwaga. Nimesimama pale nikiangalia ardhi ikinywa. Ni mara ya kwanza namwaga maji tangu nizaliwe.