Kinachosema Ndani ya Ufizi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Gitting ni baridi tupu. Ukungu umeshuka mlimani mpaka mlangoni mwa zizi. Mwanangu Benedict ameota jino — la juu! Chini hakuna kitu. Na pembeni ufizi umevimba, kitu cheupe kinaonekana ndani. Mama mkwe alichungulia, kisha akamfumba mdomo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefunga mlango. Chakula cha mchana mama mkwe hakukigusa.

Jumanne, 4 Juni
Mtoto anaharisha. Mama mkwe anasema kile cheupe ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha, yachimbuliwe kabla hayajamuua. Kuna mama mmoja kule Mogitu anayeyatoa kwa spoku ya baiskeli. Mume wangu Herman alitolewa utotoni, ndiyo maana ana lile pengo. Mdogo wake, Basili, hakutolewa. Alikufa anaharisha, mapajani mwa mama yake. Nimekasirika, na ninamwonea huruma. Vyote kwa pamoja. Nimesema hapana.

Alhamisi, 6 Juni
Tumetoka hospitali. Judica, daktari wa meno, anasema vile vivimbe ni meno ya chonge tu yanayokuja, yasiguswe kabisa. Jino la juu kutangulia si mkosi. Kwa kuhara katupa ORS na vidonge vya zinki.

Jioni nikamweleza mama mkwe kama ninavyofundisha baiolojia kidato cha nne. Kwamba seli za ufizi hupelekeana ujumbe kwa protini. Moja inasema ota. Nyingine, kizuizi, inaikamata ile ya kwanza: basi, hapa pasiote. Kizuizi kikipungua, jino huota pasipotakiwa. Alisikiliza bila kupepesa. Akauliza, kwa hiyo hata ninyi wasomi mnajua kuna kitu kinasema humo ndani? Nikasema ndiyo, mama. Na cha kuzuia, kwa Benedict kimeshindwa? Nikacheka, nikasema labda kimechelewa kidogo. Nilifurahi sana kwamba ameelewa. Mwalimu mimi!

Ijumaa, 7 Juni
Nimemkuta mama mkwe ameweka sikio kwenye mdomo wa mtoto. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema, hicho kinachosema ota.

Alipotoka kwenda kukamua, nikainama na mimi. Pumzi tu. Pumzi na harufu ya maziwa. Lakini sikuinuka haraka.

Jumamosi, 8 Juni
Kuhara kumekoma, asubuhi kacheka. Nikamwacha na bibi yake, nikaenda mnadani mara moja.

Narudi, nyumba kimya. Jikoni mkaa unawaka, na hakuna sufuria juu yake. Mama mkwe kampakata, kamwogesha, kambadilisha nguo. Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu. Akanipa mtoto kwa mikono miwili. Usiogope, akasema, wewe mwenyewe ulisema cha kuzuia kimechelewa. Tumekisaidia, mimi na yule wa Mogitu.

Anatabasamu. Miaka yote hii sijamwona ametulia hivi.

Bodaboda nimeshaiita, inapanda kutoka barabarani. Herman hapokei simu, yuko kwenye mashamba ya ngano kule Basotu. Benedict yuko mapajani mwangu. Halii. Ananitazama tu. Kafumba mdomo, kaubana. Najua inabidi nimfungue nitazame kabla hatujaondoka. Naogopa, ndiyo maana naandika kwanza. Ni mimi niliyemfundisha bibi yake.

Pikipiki naisikia. Kidole changu cha mkono wa kushoto kiko kwenye mdomo wake, na yeye anatikisa kichwa, hataki —