Kodi ya Tano

Mtumba, Dodoma
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo nyumbani, mbukwenyi. Mimi mzima, isipokuwa jua la huku linanimaliza, na mafaili ya masijala yananimaliza zaidi. Mguu wa mama unaendeleaje?

Naandika kwa mkono kwa sababu najua husemi habari za gitaa kwenye simu. Nimenunua gitaa, baba. Usicheke. Kila jioni nikitoka kazini napiga skeli, juu na chini, mpaka ncha za vidole zimeota sugu. Ila nikitaka kubuni solo yangu mwenyewe, ya jazi, nakwama. Wewe ulipiga solo miaka kumi na minane. Nifundishe. Barua nampa Msafiri, konda wa basi la Kongwa.

Mwanao,
Dorkasi

Kongwa
23 Februari 2025

Mwanangu Dorkasi,

Marahaba. Sisi wazima, na mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Anakusalimu.

Nani amekutuma? Miaka ishirini na tisa hujawahi kuniuliza hata nyuzi za gitaa ni ngapi, leo unataka solo. Optatus yupo hapo mjini na bendi yake ya hotelini. Unajua alichonifanyia. Alisimama kushoto kwangu miaka sita akipiga ridhimu, macho kwenye vidole vyangu, kisha akahama bendi na solo yangu akairekodi kwa jina lake. Tangu hapo nikishika gitaa naelekea ukutani.

Lakini wewe ni damu yangu. Kwenye karatasi ya ndani nimechora nyuzi na mahali pa kila kidole. Usipande na kushuka skeli tu, hayo ni mazoezi ya mwili. Chukua kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, ivunje, piga noti zake moja moja: do, mi, so, ti. Kisha kodi ya tano, ile inayokurudisha nyumbani kwenye do: so, ti, re, halafu fa ipandishe nusu sauti. Hiyo ndiyo siri yangu. Rudia mara mia kila siku na usimwoneshe mtu. Bahasha ikifika imefunguliwa, nijulishe.

Baba yako

Mtumba
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua haijawaacha na mahindi yamebeba. Mimi sijambo. Bahasha ilifika imefungwa. Gundi uliyopaka ingetosha kubandika bati la paa.

Nimerudia mara mia kila siku kama ulivyoniagiza. Jirani yangu Priska ananiuliza kama gitaa langu lina wimbo mwingine. Lakini nina swali. Kwenye kwaya, fa ya kodi hiyo haipandishwi, na mtandaoni wanafundisha vivyo hivyo. Nikiwa peke yangu chumbani yako inapendeza, ila nina wasiwasi. Mkono haukuteleza? Juni kuna bendi inatafuta mpiga solo. Naitaka nafasi hiyo kuliko nilivyoitaka kazi ya serikali, na sitaki kwenda kuaibika.

Kuhusu Optatus, sina habari naye.

Mwanao,
Dorkasi

Kongwa
21 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya Pasaka. Mahindi si haba. Mama yako jana alitembea mwenyewe hadi kanisani.

Mkono haukuteleza. Unaniamini mimi au simu? Wa mtandaoni wanagawa kile ambacho kila mtu anacho. Endelea hivyo hivyo.

Sasa nikuulize na mimi. Hiyo bendi haina jina? Na Msafiri anasema alikuona stendi ukiongea na mzee mwenye kofia ya pama. Optatus havui pama tangu ujana wetu. Nijibu.

Baba yako

Mtumba
15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nilikudanganya. Bendi ni ya mzee Optatus, na yule wa stendi alikuwa yeye. Nilificha kwa sababu nilijua ungeninyima. Lakini karatasi yako hajaiona, wala hajawahi kuiomba.

Usaili ulikuwa jana. Nilianza vizuri. Tukafika kodi ya tano, kinanda kikashika fa, mimi juu yake nikagonga ile yako. Watu wakakunja nyuso. Nikadhani ni bahati mbaya. Tukarudia, vidole vikaenda pale pale. Mara ya tatu nilijua noti inakuja na nilishindwa kuizuia.

Mzee Optatus akasimamisha bendi, akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema baba yangu. Akasema, "Binti, baba yako Yotham hakosei kodi ya tano hata akiwa usingizini. Hiyo kaiweka mwenyewe makusudi."

Nafasi wamempa kijana mwingine, Denis wa Zuzu. Baba, niambie amenidanganya.

Dorkasi

Kongwa
22 Juni 2025

Mwanangu Dorkasi,

Hujambo? Mama yako hasemi nami tangu nimsomee barua yako.

Hakukudanganya. Niliiweka ili Optatus akiipiga, nijue umeniuza. Kila Ijumaa bendi yake inarusha muziki mubashara mtandaoni. Nikaenda kwa jirani kusikiliza kwenye simu yake, wiki kumi na tano, nikisubiri. Hakuipiga hata mara moja. Kufikia Pasaka nilikuwa na hakika huna hatia. Hata nilipokujibu kwamba mkono haukuteleza nilikuwa na hakika. Lakini kila Ijumaa nilijiambia, moja tu zaidi.

Aliyenitenda ni yeye, nikaumia. Nikalipiza kwako uliyeniamini. Naona aibu. Humu kuna karatasi nyingine, nimeandika kila kitu nijuacho, sikuficha. Nisamehe.

Baba yako

Mtumba
10 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mzazi wake.

Karatasi yako nakurudishia. Sikuisoma. Huenda kila noti ni sahihi, lakini ningeipima moja moja, na sitaki kupiga muziki hivyo. Mwamvua, mpiga besi wa bendi ya mzee Optatus, ananifundisha Jumamosi. Vidole bado vinakwenda kule ulikovizoesha. Anasema itachukua muda.

Sikuchukii. Ila habari za muziki baina yetu ziishie hapa. Ukiniandikia, niandikie habari za nyumbani, nitajibu zote.

Mwanao,
Dorkasi

Kongwa
24 Agosti 2025

Mwanangu Dorkasi,

Marahaba. Mama yako hajambo, sasa anateka maji mwenyewe na ananigombeza kama zamani. Upepo wa mwezi huu umeng'oa bati moja la jiko, nimelirudisha. Alizeti tumekamua, dumu lako lipo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike.

Juzi jirani aliniuliza kama bado unapiga gitaa. Nikamwambia sijui. Akadhani namficha, akacheka. Lakini kweli, mwanangu, sijui.

Baba yako