Kunde za Gizani Zilizoanikwa Juani

Mpendwa Mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili hapa Kakamega na ninakaa Shirere kwa senge yangu Dinah, dada wa baba, na kazi yangu ni kupiga picha protini zinazonasa mwanga ndani ya jani, si kwa kuzing'oa kwa sabuni kama wengi wanavyofanya, bali zikiwa bado zimekaa kwenye utando wao, kwa hadubini yenye ncha inayopapasa kama kidole cha kipofu, na sharti ni majani ya kunde yakae gizani kwanza, basi nikayafunga asubuhi kwenye mfuko mweusi nikayaacha kabatini nyumbani, saa tisa nikayachukua mbio hadi maabara, nikapata picha ambayo Daktari Wanyonyi, msimamizi wangu, alisema hajaona kama hiyo, protini zimesogeleana makundi makundi, akataka niiwasilishe Ijumaa mbele ya idara nzima, kumbe juzi tukila obusuma, yaani ugali, senge ananiambia, "Mboga ya kufungia gizani inaozanga. Niliianika kwa ungo hapo nje, halafu nikarudisha kwa mfuko," sasa nikisema nitaonekana mzembe, nikinyamaza picha inadanganya, nifanyeje?

Muhonja, Shirere

Muhonja, pole, lakini kwanza nikugombeze. Umemwachia mwanamke aliyelisha watu mboga maisha yake yote mfuko uliofungwa, bila neno, ukatarajia aupite tu?

Kunyamaza usithubutu. Njia ya mwongo ni fupi, na mwenzako akirudia kazi hii kwa majani yaliyokaa gizani kweli, atakuta mengine. Lakini mbona huulizi swali ambalo hata mimi limeninyima utulivu? Je, ni jua lililozisogeza protini hizo?

Kesho asubuhi nenda kwa Daktari Wanyonyi useme yote, uombe Ijumaa iahirishwe. Kisha chuma kunde za shina moja, mafungu mawili. Moja lifungie kabatini, ufunguo ukae nao. La pili mpe senge aanike kama kawaida yake, wewe uandike saa tu. Picha ya kwanza usiifute, andika chini yake, "Yalianikwa na Dinah." Halafu mkalishe senge mbele ya picha zote. Ameshika kunde miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kumwonyesha ndani ya jani lake.