Maji ya Bwana Harusi

Dodona, shayiri ikivunwa

Boisko amechaguliwa! Mwanangu, huyu huyu niliyemzaa, sasa ni kuhani wa Zeus, anausikiliza mwaloni mtakatifu!

Haya, hujambo, mkwe wangu? Goti la Baba Klea limepoa? Sisi wazima, ila mimi nimevimba kwa furaha hadi mshipi haunitoshi. Wafalme wanakuja hapa na ng'ombe wao wa kafara, wanamngoja mwanangu aseme mti umenena nini! Sasa analala juu ya udongo mtupu na miguu haoshi tena, kama makuhani wenzake, asije akatengana na ardhi. Mwambie Klea ana bahati.

Mkweo, Mama Boisko

*

Ambrakia, mwezi huo huo

Mama Boisko,

Salamu zimefika. Hatujambo, na tunaoga.

Mwanao alimchumbia binti yangu akiwa na miguu safi. Hata huko kwenu porini, bwana harusi huogeshwa maji ya chemchemi, utosini hadi unyayoni. Asiyeogeshwa hajaoa, ameiba mke. Klea mwenyewe anasema atamkubali hata na matope yake, lakini mtoto ana akili gani? Aoge, la sivyo nampa mwana wa mfinyanzi.

Mama Klea

*

Dodona, jua kali

Mama Klea,

Sikuulizi hali, maana ulimi wako mzima. Mfinyanzi! Boisko akilowesha kidole kimoja cha mguu, wanamfukuza ukuhani. Unalijua hilo, ndiyo maana unalitaka. Wivu huo, dada!

Mama Boisko

*

Ambrakia, zabibu zikianza kuiva

Wivu wa nini, wa ukoko wa miguuni?

Basi tuuulize huo mti wenu. Swali nimeliandika kwenye kibamba cha madini ya risasi na kukikunja. Baba Klea anakileta. Boisko asikiguse. Wapewe wale bibi makuhani wanaousikiliza mti pamoja naye. Mti ukikataa asioge, Klea nitamleta mwenyewe, na nitafunga mdomo. Nawe ufunge wako.

Mama Klea

*

Dodona, mavuno ya zabibu

Mama Klea,

Mumeo amefika salama, amekula, amelala. Wale bibi wakasikiliza majani ya mwaloni na njiwa wake, wakatoka wakasema: aoge.

Nilipiga kelele, sifichi. Nikamwambia Boisko, "Turudie swali! Upepo ulikuwa mbaya!" Akanitazama. "Mama, wangapi nimewaambia wautii mti huu, nao wakaenda zao wakilia?"

Makuhani wenzake wakamvua taji la majani pale pale. Mtungi nikaubeba mimi, sikumwachia mtu. Nilimkalisha kwenye jiwe nikamwosha ile miguu, na udongo wote wa Zeus ukateremka na maji. Tangu mwaloni uote, nani ameuacha kwa kuutii? Mwanangu peke yake! Mwana wa mfinyanzi angeweza?

Umeshinda. Sitakukumbatia, usinyooshe mikono. Lakini mkate nitakanda, na kondoo nitachinja wawili, msiseme kwetu kuna njaa. Mlete Klea, walete na majirani zako wenye midomo. Ni siku ya mwezi mpevu, zabibu zikishakamuliwa. Njooni wote.

Mkweo, Mama Boisko