Goti la Tarrant

Kerubo, acha unachofanya usome hii, na usimwambie mtu.

Unamjua Tarrant, yule straika Mwingereza mumeo humshangilia kwa TV? Leo amekuja kliniki kwetu hapa Hounslow, peke yake, na magongo.

Daktari amemwambia goti limeisha, hatacheza mpira tena. Ana miaka ishirini na tisa, Kerubo!

Hakulia. Aliuliza tu, "Hata mechi moja?"

"Hata moja," daktari akasema. HATA MOJA. Daktari akatoka, akatuacha wawili.

Nikamwambia apigie mtu aje amchukue. Akapigia ajenti wake, simu haikushikwa. Akapigia kocha, akaambiwa yuko kwa mkutano. Kisha akabaki akiitazama ile simu. "Wengine watanipigia wakishasoma gazetini," akasema.

Na uwanja mzima huimba jina lake! Uwanja mzima!

Nikamuuliza kuhusu mamake. Akasema alifariki msimu ule alipofunga mabao thelathini. Halafu akaniuliza polepole, "Sista, unaweza kukaa nami kidogo?"

Nje kulikuwa na wagonjwa sita wakiningoja. Nikafunga mlango, nikavuta kiti. Nikamwitia teksi, nikakaa naye mpaka ikafika.